Maswali ya Wasomaji: Fundi, Pedali Yangu Nyepesi Mno

Safari hii nimeamua maswali yote yawe ya jambo moja, gia nzito. Wengi huwa wananiuliza namna ya kufanya pedali iwe nyepesi wakati wa kupanda mlima, sasa leo ni wale wa upande wa pili, wanaosema baiskeli haina uzito mguuni. Tuanze.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi nina baiskeli ya kawaida, ile ya spidi moja, tairi za inchi 28, nzima kabisa haina tatizo ila pedali ni nyepesi mno. Nikiwa barabara tambarare nanyonga mpaka miguu inakwenda kama cherehani na mwendo hauongezeki, wenzangu wananipita huku wananyonga polepole tu kama wanapiga stori. Mmoja kaniambia nibadili sproketi ya mbele, ile duara yenye meno ya kushika cheni, niweke kubwa, mwingine anasema ya nyuma niweke ndogo. Nani mkweli hapo? – Miguu ya Cherehani

JIBU: Wote wakweli bwana, ila mmoja anakupeleka njia fupi na mwingine anakuzungusha.

Kwanza kabla hujagusa spana fanya hivi: pindua baiskeli miguu juu, chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, halafu zungusha pedali taratibu kwa mkono mzunguko mmoja kamili, huku unahesabu hiyo chaki imepita mara ngapi. Usizungushe kwa nguvu maana gurudumu litaendelea lenyewe na hesabu itakudanganya. Baiskeli nyingi za aina yako zina meno 44 mbele na 18 nyuma, kwa hiyo utaona chaki inapita mara mbili halafu inakaribia nusu, yaani 44 gawanya kwa 18 unapata 2.44. Hiyo namba ndo uzito wa gia yako, hakuna siri nyingine. Ikipanda, pedali inakuwa nzito na kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi, ikishuka kinyume chake.

Sasa tairi la inchi 28 likizunguka mara moja linatembea kama mita 2.2. Zidisha na 2.44, kila ukimaliza mzunguko mmoja wa pedali umesogea mita 5.4 hivi. Mtu akinyonga mizunguko 60 kwa dakika, mwendo wa kawaida usio na haraka, anakwenda kama kilomita 19 kwa saa. Ukitaka 25 na ushee hapo inabidi unyonge mizunguko 80, na hapo ndo cherehani yako inapoanzia.

Ukitoa 18 ukaweka 16 nyuma, namba inakuwa 2.75, kila mzunguko mita 6 na kidogo, na kwa miguu ileile ya mizunguko 60 unagonga karibu kilomita 22. Meno mawili tu hayo. Kuipata hiyo 2.75 kwa kubadili mbele ungehitaji sproketi ya meno 49 au 50, sasa uitafute wapi. Kwa baiskeli kama yako jino moja la nyuma ni sawa na kama meno mawili na nusu ya mbele, ndo maana nasema ya nyuma ni njia fupi. Halafu kuna hili jingine, kwenye baiskeli nyingi za zamani ile sproketi ya mbele imeunganishwa moja kwa moja na mkono wa pedali wa kulia, haina bolti, kwa hiyo kubadili sproketi ni kubadili mkono mzima na kupambana na pini yake ambayo mara nyingi imeng'ang'ania miaka na miaka. Unaanza kazi ya nusu saa unaishia na nyundo mkononi na maneno yasiyofaa mdomoni.

Nyuma una friwili, ile yenye meno na inayolia tik tik tik ukiacha kunyonga. Imeingia kwa kuzungushwa kwenye habu (ile ya katikati ya gurudumu) na kila ukinyonga inazidi kujikaza, kwa hiyo usishangae ikigoma kutoka. Angalia katikati yake utaona mapengo mawili au manne, au meno madogo kwa ndani, hapo ndo linapokaa toleo, yaani kile chombo cha kuitolea, na kila aina ina toleo lake, usibahatishe. Toa gurudumu, fungua nati ya ekseli upande wa friwili, ingiza toleo, halafu rudisha ile nati juu yake uibane kidogo ili toleo lisiruke. Hapa mi mwenyewe niliwahi kujifanya mjuaji nikaacha kurudisha nati, toleo likateleza, likakata mapengo yote mawili, friwili ikabaki pale kama imechomelewa. Ukishabana nati, funga toleo kwenye jiliwa (kile chuma cha mezani cha kubania vitu), gurudumu likiwa limelala juu, shika tairi kwa mikono miwili na uzungushe kushoto kama unakata kona na gari. Itagoma, itagoma, halafu inaachia ghafla kwa mlio. Ikiachia tu, simama, legeza ile nati kwanza ndo uendelee, maana friwili inapotoka inasukuma toleo nje na nati imelizuia, ukilazimisha unaweza kuharibu ekseli.

Kuweka mpya ni rahisi, paka grisi kwenye nyuzi (ile mistari ya kuzungushia kama ya skrubu), anza kuzungusha kwa vidole bila chombo chochote, na ikiwa inakwenda upande toa uanze tena, nyuzi zake ni laini sana na habu ya alumini haisamehi. Usihangaike kuikaza, ukipanda ukanyonga inajikaza yenyewe.

Mambo madogo yanayosahaulika sasa. Meno mawili yakipungua nyuma, cheni inalegea na gurudumu linatakiwa lirudi nyuma kama milimita 6. Kama nafasi ya ekseli kwenye fremu ipo, hukati cheni. Kama haipo basi unatoa pingili mbili, ya ndani na ya nje, na gurudumu linasogea mbele kidogo kuliko lilipokuwa. Cheni ikiwa sawa ukiibonyeza katikati inacheza juu chini kama sentimita moja, ikikaza kama uzi wa gitaa inakula habu na friwili. Na kwa sababu ringi imehama, angalia breki za nyuma kama mpira bado unagusa ringi vizuri, na matagadi hayagusi tairi.

Usiruke mpaka meno 14 eti kwa sababu umeona wenzako wanapita. Kwa nyuzi za habu za kawaida friwili ndogo unayoipata ni 16, chini ya hapo nyingi zinataka habu ya nyuzi ndogo. Na hata ungeipata, kutoka 18 kwenda 14 ni ongezeko la karibu asilimia 29, siku ya kwanza ya upepo wa mbele utanitafuta. Kwa 16 yenyewe kile kilima ulichokuwa unakipanda umekaa sasa utakipanda umesimama. Hiyo ndo bei yake.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi nanyonga baiskeli kwa ajili ya mazoezi, sina haja ya spidi. Nimekuwa nakaza breki ya nyuma kidogo iwe inagusa ringi muda wote ili pedali iwe nzito. Mume wangu ananicheka. Nafanya kosa? – Mama wa Mazoezi

JIBU: Marahaba dada yangu. Shemeji aache kucheka, wazo lina akili ndani yake, baiskeli nyingi za mazoezi za ndani zinafanya kazi hivyohivyo, kuna kitu kinabana gurudumu. Ila zile zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Yako inakula mpira wa breki na ringi, inapata joto, na siku ukihitaji kusimama kweli unakuta mpira umebaki kama ganda, kwa hiyo legeza leo hiihii.

Ukitaka uzito wa bure nenda haraka zaidi, upepo ndo breki nzuri kuliko zote. Nguvu unayotumia kuupasua upepo haipandi sawasawa na mwendo, ukikimbia mara mbili ya mwanzo, nguvu ya kushinda upepo inakuwa mara nane. Mara nane! Ndo maana mtu anayetoka kilomita 15 kwa saa kwenda 25 anahisi amebadilishiwa barabara. Kama baiskeli yako ina gia, weka nzito zaidi kidogo na ushikilie mwendo uleule wa miguu. Na kama haina, mlima. Kwa afya ya moyo hata gia nyepesi ukinyonga haraka inatosha kukutoa jasho, wengi wanafikiri mazoezi ni mpaka paja liwake moto, siyo lazima.

SWALI: Kaka fundi, baiskeli yangu ina gia 7 nyuma na 3 mbele. Zamani nikiweka namba 7 ilikuwa nzito safi kabisa, sasa hivi nikibonyeza 7 inalia lia tu cheni inabaki kwenye 6. Fundi mmoja alitaka kunibadilishia gia zote. Nimkubalie? – Wa Namba Sita

JIBU: Usimkubalie, kabla hajapima kitu! Kabisa. Hapo una mambo mawili tu ya kuangalia, na yote unayaweza mwenyewe kwa bisibisi.

Namba 7 ndo sproketi ndogo kuliko zote, ya nje kabisa. Cheni haivutwi kwenda pale, inaangushwa: waya ukilegea, springi ya direla (ule mkono wenye vigurudumu viwili vinavyoning'inia nyuma) inaisukuma nje. Sasa kama waya umekaza mno au umejaa kutu na udongo ndani ya ganda lake, springi inashindwa, cheni inakwama kwenye 6. Au kuna skrubu imeizuia isifike.

Utajuaje ni kipi? Weka shifta (kile cha kubadilishia gia kwenye hendeli) namba 7, fungua ule bolti unaoshika waya kwenye direla uachie waya kabisa, halafu zungusha pedali kwa mkono. Cheni ikishuka yenyewe mpaka sproketi ndogo, mchawi ni waya. Isiposhuka, mchawi ni skrubu. Jaribio la dakika moja hilo.

Kama ni waya, uchomoe, ufute, tia oili tone mbili kwenye ganda, ukiona umechanika nyuzi au ganda limevunjika badilisha, ni kitu kidogo. Kisha ufunge tena shifta ikiwa bado namba 7, uvute waya kwa vidole tu usiwe na ulegevu, siyo kwa plaizi. Marekebisho madogo unayafanya pale waya unapoingia kwenye direla, kuna kinati cha kuzungusha kwa mkono, ukikizungusha kuingia ndani waya unalegea na cheni inashuka kirahisi, kukitoa nje ni kinyume chake. Robo mzunguko, jaribu, robo tena.

Kama ni skrubu, utaziona mbili zimekaa pamoja zimeandikwa H na L. Ya kwako ni H, L usiiguse, hiyo inalinda cheni isiingie kwenye spoku na ikiingia huko utatembea kwa miguu. Legeza H robo mzunguko kinyume cha saa, zungusha pedali, angalia kwa nyuma kabisa macho yakiwa usawa wa sproketi: kile kigurudumu cha juu cha direla kinatakiwa kisimame mstari mmoja na sproketi ndogo. Kikishafika hapo acha. Ukizidisha cheni inaanguka katikati ya sproketi na fremu na inanasa vibaya sana.

Na angalia mbele pia, isije ikawa unanyonga kwenye sproketi ya kati muda wote halafu unalaumu ya nyuma. Nimewahi kuletewa baiskeli ya namna hiyo, mwenyewe hakujua kama shifta ya kushoto inafanya kazi gani.

SWALI: Nilifuata ushauri wa jirani nikaweka friwili mpya ndogo, uzito umekuja kweli lakini nikikanyaga kwa nguvu cheni inaruka krak krak, karibu nipige mdomo kwenye hendeli. Friwili ni mpya kabisa sasa tatizo nini? – Krak Krak

JIBU: Friwili ni mpya, cheni je? Nakuhakikishia ni ileile ya zamani.

Cheni ikitumika muda mrefu pini zake zinaliwa na inarefuka, sasa meno ya zamani yalikuwa yameliwa sambamba nayo, wamezeeka pamoja kama mke na mume, walikuwa wanaelewana. Umeleta meno mapya yana nafasi sahihi, cheni ndefu haikai, inapanda juu ya jino na ukikaza mguu inaruka. Na kwenye sproketi ndogo ni mbaya zaidi kwa sababu meno yanayoshika cheni kwa wakati mmoja ni machache.

Pima hivi: chukua rula yenye inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Kila pini na mwenzake ni nusu inchi, kwa hiyo ya 24 inatakiwa iwe pale kwenye inchi 12 kamili, katikati ya pini. Ikizidi kwa milimita moja na nusu cheni badilisha. Ikizidi kwa milimita tatu hata sproketi ya mbele iangalie, meno yakiwa yamechongoka na kuinama upande mmoja kama mapezi ya papa nayo imekwisha. Ukinunua cheni hakikisha upana, kuna ya baiskeli za spidi moja ambayo ni pana na kuna nyembamba ya baiskeli za gia. Pana kwenye sproketi nyembamba itakwenda, nyembamba kwenye sproketi nene haiingii hata ukiisihi.

Mpaka ubadilishe, usisimame kwenye pedali. Meno ya mdomoni hayauzwi kwa seti.

SWALI: Fundi, mimi ni mzee wa miaka 58, mjukuu kaniwekea gia nzito ili nifike haraka. Kufika nafika, lakini goti la kulia linauma mbele, chini ya kifuniko. Nivumilie litazoea? – Babu wa Goti

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hapana, usivumilie. Mjukuu kafanya kwa mapenzi ila goti halilipwi kwa mapenzi.

Gia nzito ukiinyonga polepole, tuseme chini ya mizunguko 60 kwa dakika, kila mkanyago goti linabeba mzigo mkubwa. Wengi wanaopanda sana wanakaa kati ya 70 na 90. Hesabu mwenyewe kwa saa ya mkononi: ukiona goti la kulia limepanda mara 15 kwa sekunde 15, huo ni mzunguko wa 60. Ukishindwa kufika hapo kwenye tambarare, gia ni nzito mno kwako, mwambie mjukuu arudishe ile ya zamani au atafute ya katikati, kwa mfano kama alitoka 18 akaenda 16 basi iwe 17.

Ila kabla ya kumlaumu tazama siti. Siti ikiwa chini, goti linakunjwa sana na maumivu yanakaa palepale unaposema, mbele. Panda baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali, pedali iwe chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke wote bila kiuno kuinama. Halafu ukinyonga unatumia sehemu ya mbele ya wayo, goti linabaki limekunjika kidogo tu, ndivyo inavyotakiwa. Pandisha siti sentimita moja moja, siyo zote siku moja, na usivuke ile alama iliyochorwa kwenye bomba la siti. Na ukishashusha uzito na kupandisha siti goti bado linauma, hapo nenda kwa daktari, mimi nafungua nati tu.

SWALI: Yangu ina zile gia tatu za ndani ya habu, Sturmey-Archer ya zamani, ya tatu haishiki, ipo nyepesi sawa na ya pili. Ndo imekufa? – Gia Tatu

JIBU: Haijafa. Kwenye habu ile ya pili ni moja kwa moja, ya kwanza inapunguza mpaka asilimia 75, ya tatu inapandisha mpaka 133, yaani ukiwa kwenye ya tatu lazima uhisi tofauti, ni theluthi nzima. Na ya tatu ndo ile ambayo waya unakuwa umelegea, kwa hiyo waya ukikaza kupita kiasi hufiki. Weka shifta namba 2, chungulia kwenye tundu la nati ya ekseli upande wa kulia utaona kile kijiti kinachoungana na kijicheni, bega lake linatakiwa liwe usawa na ncha ya ekseli. Limetoka nje, legeza waya, limezama ndani, kaza. Ukimaliza jaribu zote tatu ukiwa umekaa, usisimame kwenye pedali hata kidogo, maana habu hizi za zamani zina mahali kati ya 2 na 3 ambapo hakuna gia kabisa, mguu unakwenda hewani, na wewe unaufuata.